Sura ya Saba: Nani Anaidhamini Simu Yako?

Simu ya Android ikiwashwa, kabla jina la kampuni halijatokea kwenye kioo, kuna kazi kubwa imeshafanyika. Ndani ya chipu yake mna maagizo mafupi yaliyochomwa kiwandani, hayafutiki wala hayaandikwi upya, na hayo ndiyo ya kwanza kuamka. Yanaikagua programu inayofuata, ile ambayo mafundi huiita butiloda, kuona kama imetiwa saini kwa ufunguo unaotambulika. Butiloda nayo inaikagua kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kerneli inakagua sehemu zilizobaki za mfumo endeshi, na mwisho wa ukaguzi huo simu hutoa hukumu yake kwa rangi. Kijani: kila kitu kimetiwa saini na mtengenezaji. Chungwa: butiloda imefunguliwa, haizuii tena mfumo usio na saini inayotambulika. Nyekundu: mfumo umeharibika au umechezewa. Ipo pia rangi ya nne, njano, ambayo wenye simu wengi hawataiona maishani mwao, na kwa ajili yake ninaandika sura hii.

Njano maana yake ni kwamba mwenye simu ameingiza ufunguo wa mfumo endeshi aliouchagua mwenyewe, kisha akaifunga tena butiloda. Ukaguzi unaendelea kama kawaida, hatua kwa hatua, tangu chipu hadi juu. Mwizi au mpelelezi akibadilisha hata herufi moja ya mfumo, simu itajua na itakataa kuwaka. Ulinzi haukupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni mtu aliyeamua nani aaminiwe. Njia hii haikubuniwa na wavunja makufuli. Wahandisi wa Google waliiandika wenyewe katika nyaraka rasmi za Android, na simu zao za Pixel zinaikubali.

Ninaanza na rangi hizi kwa sababu mjadala wote wa kuweka mifumo mingine kwenye simu umejengwa juu ya dai moja: kwamba mwenye simu lazima achague kati ya usalama na uhuru. Ukitaka simu salama, iache ilivyotoka dukani. Ukitaka kuimiliki kwelikweli, kubali hatari. Rangi ya njano inalikanusha dai hilo. Iko ndani ya simu, imeandikwa na haohao wanaotuambia kwamba haiwezekani. Kwa nini basi inazidi kuwa adimu?

Android ilipoingia sokoni, mlango ulikuwa wazi bila mtu kukusudia. Simu yake ya kwanza, HTC Dream, iliyouzwa Marekani kwa jina la T-Mobile G1 kuanzia Oktoba 2008, ilikuwa na kasoro ya ajabu: yote yaliyoandikwa kwenye kibodi yake yalipokelewa pia, kimyakimya, kama amri zenye mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Mtu aliyemwandikia rafiki yake neno la Kiingereza ambalo pia ni amri ya kuiwasha upya kompyuta, alishangaa kuona simu inazima na kuwaka mkononi. Google iliziba kasoro hiyo upesi, lakini wadadisi walikuwa wameshaingia ndani, na waliyoyaona huko hawakuyasahau.

Mmoja wa waliovutiwa na simu ile alikuwa Steve Kondik, mwandishi wa programu wa Marekani. Mwaka 2009 alianza kusambaza toleo lake mwenyewe la Android, CyanogenMod. Hakuiba kitu: kodi ya Android, yaani maandishi ya programu yenyewe, ilikuwa huria tangu mwanzo, na leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuitoa tena. Hata hivyo, Septemba mwaka huo Google ilimpelekea barua ya kisheria ikimtaka aache. Lawama haikuwa juu ya Android yenyewe. Ilikuwa juu ya programu za Google zisizo huria alizokuwa akizifungasha pamoja nayo: Gmail, ramani, YouTube, na soko la programu. Mambo yalimalizwa kwa Kondik kuziondoa. Mtumiaji alizihifadhi kutoka kwenye simu yake mwenyewe, akaweka mfumo mpya, kisha akazirudisha. Wengi waliona ni mzozo mdogo uliokwisha vizuri. Mimi naona barua ile ndiyo iliyochora mpaka ambao hadi leo hatujauvuka. Android ni ya kila mtu. Vile vitu ambavyo watu huvihitaji ili Android iwafae ni vya Google, na mwenye vitu hivyo ndiye atakayesema nani anaruhusiwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya matumaini. Januari 2010 Google ilitoa Nexus One, simu ambayo butiloda yake ilifunguka kwa amri moja kutoka kwenye kompyuta, kwa onyo tu kwamba dhamana ya kiwandani ingepotea. Mei 2011, baada ya wateja kulalamika kwa nguvu, mkurugenzi mkuu wa HTC, Peter Chou, alitangaza kupitia Facebook kwamba kampuni yake haitafunga tena butiloda za simu zake. Inafaa kulikumbuka jambo hilo leo: kampuni kubwa ya simu ilirudi nyuma kwa sababu wanunuzi walikasirika. CyanogenMod yenyewe ilikua, ikaundiwa kampuni, ikauzwa ndani ya simu za OnePlus mwaka 2014, na ikafa mwishoni mwa 2016 kwa migogoro ya kibiashara. Waliokuwa wakiiandika kwa kujitolea waliichukua kodi ileile na kuendelea nayo kwa jina la LineageOS.

Faida yake kwa mtu wa kawaida inaonekana vizuri kwenye Samsung Galaxy S5. Simu hiyo ilitoka mwaka 2014, na toleo la mwisho la Android ambalo Samsung iliipa ni la 6. Baada ya hapo kiwandani hapakuwa na mtu tena wa kuishughulikia. Lakini LineageOS iliifikisha hadi Android 11, pamoja na viraka vya usalama vilivyokwenda nayo. Chuma kilekile, betri inayobanduka kwa ukucha, kamera isiyo mbaya, na miaka kadhaa ya maisha ambayo mtengenezaji hakukusudia kuitoa. Kwa mtu aliyenunua simu ya mtumba, na katika miji yetu tuko wengi, hiyo ndiyo tofauti kati ya simu inayofungua programu za leo na simu inayoambiwa kila siku kwamba toleo lake limepitwa na wakati.

Sasa tuangalie mlango ulivyofungwa. Vizuizi vya kwanza havikuwa ndani ya simu. Vilikuwa kwenye karatasi. Mtengenezaji aliyetaka kuuza simu zenye soko la programu la Google alitakiwa kusaini mkataba wa kutouza simu hata moja yenye toleo la Android ambalo Google haikuliidhinisha. Mwezi Septemba 2012 kampuni ya Acer ilikuwa imeandaa hafla mjini Shanghai ya kuzindua simu yenye mfumo wa Aliyun, uliotengenezwa na Alibaba ya China. Hafla ikafutwa dakika za mwisho. Google ilisema Aliyun ni Android iliyopotoshwa, na Acer ilikuwa imeahidi kutogusa vitu vya namna hiyo. Ilichukua miaka sita kwa mamlaka kubwa kulitamka wazi kosa lenyewe: Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa mikataba hii iliyowazuia watengenezaji kujaribu mifumo mbadala. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliipunguza faini hiyo mwaka 2022 hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya hukumu ikabaki. Miaka yote hiyo, kila mfumo ambao ungeweza kukua ukawa mshindani ulikuwa umekosa kiwanda cha kuutia kwenye simu.

Kufuli la pili liliingia kwenye chuma. Samsung, pamoja na mfumo wake wa ulinzi wa Knox kuanzia mwaka 2013, iliweka ndani ya chipu fyuzi ndogo inayoungua mara moja tu. Ukiweka mfumo usio wa Samsung, fyuzi inaungua, na hata ukirudisha mfumo wa kiwandani siku hiyohiyo, malipo ya Samsung na folda ya siri havitafanya kazi tena kwenye simu hiyo daima. Mwaka 2021 waliofungua butiloda ya Galaxy Z Fold3 waligundua kamera zote zimezima. Baadaye zilirudishwa, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Simu za Samsung zinazouzwa Marekani zilikuwa zimefungwa kitambo. Mwaka 2025, toleo la One UI 8 lilipotoka, chaguo la kufungua butiloda liliondoka hata kwenye simu za masoko mengine.

Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliiwekea vikwazo, na simu zake mpya zikakosa programu za Google. Kampuni iliyokuwa imewafungia wateja wake mlango wa mifumo mingine ikajikuta inahitaji mfumo mwingine kuliko mtu yeyote duniani, ikalazimika kuujenga wake, HarmonyOS. Wateja wa simu zake za zamani hawakupata namba zao hata hapo.

Xiaomi ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi simu zake zilikuwa kipenzi cha wanaojaribu mifumo: chuma kizuri, bei nafuu, butiloda inayofunguka. Ilianza kuzifunga mwaka 2016 kwa maelezo kwamba wauzaji wa kati walikuwa wakizifungua boksi, wanaweka mfumo uliojaa matangazo na programu za kijasusi, kisha wanaziuza kama mpya. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na kila aliyewahi kununua simu kwa mchuuzi asiyemjua anapaswa kuyachukulia kwa uzito. Lakini dawa iliongezwa dozi mwaka hadi mwaka: akaunti iliyosajiliwa, kisha siku za kusubiri, kisha, tangu mfumo wa HyperOS uje mwishoni mwa 2023, maombi yanayopitia programu maalumu ya kampuni na ukomo wa idadi ya simu ambazo mtu mmoja anaweza kuzifungua. Mtu aliyelipa bei yote anaomba ruhusa ya kutumia alichokilipia.

Hata hivyo, yote niliyoyataja hadi hapa yana mwisho. Mkataba huvunjwa na mahakama. Mtengenezaji mmoja akifunga, mwingine huacha wazi, na mnunuzi anaweza kuhama. Kufuli la tatu haliko kwenye simu yako kabisa, na ndilo ambalo nadhani halijaeleweka.

Mtu anayetaka kufungua akaunti ya benki Tanzania wakati mwingine huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Benki haimjui, inamjua mwenyekiti wa mtaa, na muhuri wake unatosha. Simu nayo siku hizi hutakiwa kuleta barua ya namna hiyo. Unapofungua programu ya benki, seva ya benki inaweza kuuliza: wewe ni simu ya namna gani? Chipu ya usalama ndani ya simu hutoa cheti kilichotiwa saini, kikitaja hali ya butiloda, rangi iliyopatikana wakati wa kuwaka, na ufunguo uliotumika kuukagua mfumo. Google hukisoma, hutoa hukumu yake, na programu huamua kukufungulia au kukuambia kwamba kifaa chako hakitumiki. Huduma hii iliitwa SafetyNet. Siku hizi inaitwa Play Integrity, na ile ya zamani ilizimwa mwaka 2025.

Mwanzoni ilikuwa kero ndogo. Mwaka 2015 huduma ya malipo ya Android ilikataa simu ambazo mfumo wake ulikuwa umechezewa. Mei 2017 Netflix ilitoweka kwenye soko la programu kwa simu zisizo na kibali cha Google. Waandishi wa mifumo mbadala wakatafuta njia za kuidanganya huduma, Google ikaziba, wakatafuta nyingine. Mchezo huo wa kukimbizana uliwezekana kwa sababu ukaguzi ulifanywa na programu, na programu hudanganywa na programu. Siku hizi cheti kinatoka kwenye chuma chenyewe, kimetiwa saini kwa ufunguo uliozikwa ndani ya chipu kiwandani, na kukighushi ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Tatizo langu si cheti. Cheti ni kitu kizuri: kinasema ukweli kuhusu simu. Tatizo ni nani anayekisoma na kwa kipimo gani. Kwenye simu yenye rangi ya njano cheti husema wazi: butiloda imefungwa, mfumo umekaguliwa, ufunguo uliotumika ni huu hapa. Taarifa zote ambazo benki ingezihitaji zimo. Lakini Google huitambua mifumo iliyopewa kibali chake tu, kwa hiyo hukumu inayotoka ni kwamba simu haikidhi. Njano na chungwa zinatupwa kapu moja.

GrapheneOS ni mfano unaoliumbua jambo hili. Mfumo huu, unaotokana na kazi aliyoianza Daniel Micay mwaka 2014, huwekwa kwenye simu za Pixel pekee kwa sababu ndizo zinazotimiza masharti yake ya usalama, likiwemo la kuruhusu kufunga tena butiloda kwa ufunguo mwingine. Waandishi wake wameimarisha ugawaji wa kumbukumbu ili kasoro za kawaida zisigeuzwe kuwa mashambulizi, wamempa mtumiaji uwezo wa kuinyima programu yoyote intaneti, na baadhi ya kasoro walizozigundua zimezibwa hatimaye kwenye Android yenyewe, kwa manufaa ya kila mtu. Mfumo huo hushindwa kwenye daraja la kawaida la ukaguzi wa Play Integrity. Wakati huohuo, simu iliyotoka kiwandani na Android 8, ambayo haijaona kiraka cha usalama kwa miaka mingi na ina matundu yanayojulikana na kila mhalifu, hupita kwenye daraja la kawaida la ukaguzi huo kwa kuwa ina kibali. Mwaka 2025 Google iliongeza sharti la kiraka kisichozidi mwaka mmoja, lakini kwenye daraja la juu kabisa tu, na kwa simu za Android 13 na kuendelea. Kipimo kinachoipitisha simu yenye matundu na kuikataa iliyoimarishwa hakipimi usalama. Kinapima kama mtengenezaji ana mkataba.

Nisiwasafishe kupita kiasi wenye mifumo mbadala. Mwaka 2018 mradi wa CopperheadOS, ambao GrapheneOS imetoka humo, ulivunjika kwa ugomvi wa waasisi wake, na Micay akaziharibu funguo za kutilia saini masasisho ili zisiangukie mikono asiyoiamini. Waliokuwa na mfumo huo kwenye simu zao hawakuweza tena kupata sasisho lolote lenye saini ile. Kukabidhi simu yako kwa ufunguo wa kundi dogo la watu wanaojitolea nako kuna hatari zake, na mtu ana haki ya kuzipima na kusema hapana. Ninachotetea ni kwamba upimaji huo uwe wake.

Afrika Mashariki jambo hili linaonekana kama la matajiri wenye Pixel, na hapo ndipo tunapokosea. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2, za bei ya chini kabisa, zilikuwa zimeuzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa tayari na programu hasidi za Triada na xHelper ndani yake. Zilikuwa zikijaribu kuwasajili wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua, na kuwalia salio. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilisema chanzo cha uchafu huo ni mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa usambazaji. Kilichowaumiza wateja ni kwamba xHelper haikuondoka hata kwa kurudisha simu katika hali ya kiwandani, kwa sababu kiwandani ndiko ilikotoka. Saini ilikuwa halali. Mlinzi aliyechomwa kwenye chipu alikagua, akaona saini anayoijua, akaupitisha uchafu kila asubuhi kwa utii kamili. Ulinzi pekee ulio mikononi mwa mwenye simu dhidi ya mfumo wa kiwandani uliochafuka ni uwezo wa kuweka mfumo mwingine, na kwa simu za namna hiyo mfumo mwingine haupo.

Haupo kwa sababu inayojulikana. Kerneli ya Android ni Linux, na leseni yake, GPL toleo la 2, inamtaka kila anayeisambaza atoe kodi ya marekebisho aliyoyafanya. Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu hawaitoi, huichelewesha, au hutoa vipande visivyojengeka. Bila kodi hiyo, mwandishi wa mfumo mbadala hajui namna ya kuzungumza na kamera, na modemu, na kihisi cha kidole. Mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi wanaweza kuflashi, yaani kuuandika upya mfumo wa, simu ya aina yoyote utakayowaletea, wanajua pini za kugusisha na boksi za kutumia, lakini wanachokirudisha ndani ni mfumo uleule wa kiwandani kwa kuwa hakuna mwingine wa kuweka. Ujuzi upo, mikono ipo. Kodi ndiyo inayofichwa, na leseni iliyoifanya iwe wazi inavunjwa, na ni mara chache mtu hushtakiwa.

Kuna kufuli ambalo kwetu limeingia kwa mlango wa mkopo. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya: unatoa arubuni, unachukua simu ya 4G, unalipa kidogokidogo kila siku, wakati huo shilingi 20. Usipolipa, simu inajifunga kutokea mbali. Mpango huo na mingine iliyoufuata imewapa watu wengi simu ambazo wasingezipata, na mkopeshaji ana haki ya kulinda mali yake kabla deni halijaisha. Kufuli la mkopo haliwezi kufanya kazi bila butiloda iliyofungwa, hilo nalielewa. Lakini siku shilingi ya mwisho inapolipwa, kufuli la mkopo huondolewa na la butiloda hubaki. Tumejadili riba za mikopo hii, tumejadili taarifa binafsi. Sijaona mkataba wa mkopo wa simu unaosema kwamba deni likiisha simu itakuwa yako mpaka chini kwenye chipu. Ningependa wabunge na wadhibiti wetu waulize hilo, maana hapo hatusubiri uamuzi wa California wala wa Brussels.

Huko juu nako mambo yanabana. Machi 2025 Google ilitangaza kwamba kazi ya kuiandika Android itafanywa yote ndani ya kampuni, na kodi kutolewa kwa umma baada ya toleo kukamilika. Juni mwaka huo Android 16 ilipotoka, mafaili yanayoeleza chuma cha simu za Pixel, ambayo kwa miaka yalikuwa yakitolewa pamoja na kodi, hayakuwemo. Badala ya simu halisi, kampuni ilielekeza watu kwenye kifaa cha kuigiza ndani ya kompyuta kiitwacho Cuttlefish. Waandishi wa LineageOS na GrapheneOS ilibidi wayachambue masasisho yaliyokwisha kutengenezwa ili wapate kile ambacho mwezi mmoja kabla walikuwa wakikisoma bure. Google ilisisitiza kwamba Android huria haifi, na kwa herufi ni kweli. Kodi bado inatoka. Inatoka ikiwa haina simu hata moja iliyoandikiwa.

Kisha Agosti 2025 likaja tangazo jingine. Kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027, simu za Android zenye kibali zitakubali programu za waandishi waliosajiliwa na kuthibitishwa na Google tu, hata kama programu hizo hazikutoka kwenye soko lake. F-Droid, ghala la programu huria ambalo limehudumia watu tangu 2010, lilisema mpango huo ungeliua. Baada ya kelele nyingi, Novemba Google iliahidi njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu watakaokubali maonyo. Sababu iliyotolewa ni utapeli, na utapeli wa simu ni janga; tunaujua sote, tumewaona wazee wetu wakipoteza akiba za maisha kwa ujumbe mmoja. Lakini tazama jinsi masharti mawili yanavyobanana. Sharti la usajili linahusu simu zenye kibali. Asiyelitaka anaweza, kwa maandishi, kuweka mfumo usio na kibali. Na akiuweka, programu ya benki itamkataa. Kila mlango unaelekezwa kwenye mwingine, na yote miwili ina mmiliki mmoja.

Ulaya imeanza kusogea kwa upande wa muda wa maisha ya simu: tangu Juni 2025 kanuni zake zinawataka watengenezaji watoe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa. Ni hatua nzuri na itawafaidi hata wanunuzi wa mitumba wa Mombasa na Bujumbura, ambako simu za Ulaya hufika baadaye. Kanuni hizo hazikugusa butiloda. Miaka mitano ikiisha, mtengenezaji anaruhusiwa kuondoka na ufunguo. Sharti la ziada lingekuwa fupi sana: siku unapoacha kuihudumia simu, mwachie mwenye simu aifungue, na umpe kodi ya kerneli ambayo leseni ilikuamuru uitoe tangu mwanzo.

Kwa upande wa benki na mitandao ya fedha, dawa ipo tayari na haihitaji sheria. Android ina njia ya programu kukisoma cheti cha chuma moja kwa moja, bila kupitia kwa Google kupata hukumu. Mwandishi wa programu huandika orodha ya funguo anazozikubali: za watengenezaji, na pia za mfumo mbadala ambao wataalamu wake wameukagua na kuridhika nao. GrapheneOS imechapisha alama za funguo zake pamoja na maelezo ya namna ya kuziongeza, na zipo programu zilizokwisha kuzikubali. Simu ya rangi ya chungwa itaendelea kukataliwa, kama benki itakavyo. Ya njano itapita ikithibitisha kwa saini kwamba imefungwa na haijachezewa. Mhandisi wa benki jijini Dar es Salaam au Nairobi, anayekaa leo kuandika toleo jipya la programu ya wateja wake, anaweza kuifanya kazi hiyo. Orodha hiyo hukaa kwenye seva ya benki, na benki ndiyo inayoiandika.